Étienne Lenoir, fundi wa moteri ya gazi

Katika nambari hii tunawaeleza maisha ya Étienne Lenoir, ambaye jina lake tunalikuta katika vitabu vya fizika, lakini tunalipita haraka.

Alizaliwa mwaka 1822 kule Mussy-la-Ville, kijiji ambacho leo kiko Ubelgiji. Mwaka 1838 alifika Paris bila mali, akafanya kazi ya boyi katika hoteli. Hakupita skuli ya mainjinia. Alijifunza kwa mikono yake, kwanza kazi ya emaye, kisha mambo ya umeme.

Zamani zile mashine zilienda kwa mvuke. Ilifaa kuwasha tanuru, kuchemsha maji, na kungoja. Lakini Paris ilikuwa na gazi ya makaa ya mawe, ikipita katika mabomba kwa kuwasha taa. Lenoir akaona kwamba gazi ile inaweza kuwaka ndani ya moteri yenyewe. Mwaka 1860 akapata hati ya uvumbuzi. Gazi na hewa ziliingia katika silinda, cheche ya umeme ikaziwasha, pistoni ikasukumwa. Mafundi wenye viwanda vidogo wakafurahi, sababu hakuna tena tanuru.

Mwaka 1863 aliweka moteri juu ya gari, akatoka Paris mpaka Joinville-le-Pont na kurudi, kama kilomita 18, kwa saa tatu hivi. Mtu wa miguu mwenye nguvu angeweza kumfuata!

Basi shida ilikuwa wapi? Gazi yake haikubanwa. Iliwaka ikiwa imelegea, kwa hiyo moteri ilikula nyingi na kutoa nguvu kidogo. Tena gazi ya bomba haiwezi kufuata gari njiani. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifanya moteri inayobana gazi kabla ya kuiwasha, na watu wakaiacha ile ya Lenoir. Yeye Ufaransa ilimpa uraia mwaka 1870, na nishani mwaka 1881 kwa kazi ya telegrafu. Lakini moteri haikumtajirisha. Alikufa mwaka 1900, karibu na Paris.

Shida ya pili nayo ilikwisha kwa kubana. Leo gazi ya ardhini inasukumwa katika chupa nene za chuma, kwa nguvu karibu mara 200 ya ile ya hewa, na gari inabeba chupa zake. Mji wa Delhi, kule India, uligeuza mabasi yake yote ya abiria mpaka mwisho wa 2002, sababu moshi wa mazutu ulikuwa unaua watu.

Na sisi? Chini ya maji ya Ziwa Kivu, tunalogawana na Rwanda, iko gazi ya metani nyingi sana. Kuitoa ni kazi ngumu, tena ya hatari. Itaomba watu waliosoma vizuri fizika na kemia. Wenzetu, tusiseme masomo haya ni ya wengine. Aliyeanza alikuwa boyi wa hoteli.