Ned Haig, Muuza Nyama Aliyetupa Raga ya Wachezaji Saba

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ndugu msomaji, ukisikia kwamba Kenya iliinyuka Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwezi wa Aprili 2016, huenda ukadhani kuwa raga ya wachezaji saba ilibuniwa na matajiri fulani huko London. La hasha! Mchezo huo ulianzia buchani.

Ned Haig alizaliwa mwaka wa 1858 huko Jedburgh, kusini mwa Uskoti. Akiwa angali kijana alihamia Melrose, mji mdogo tu, akawa mwanagenzi katika bucha ya David Sanderson. Kazi yake ilikuwa nyama lakini mapenzi yake yalikuwa raga. Klabu ya Melrose iliundwa mwaka wa 1877 baada ya kutengana na wenzao wa Galashiels, mji jirani ulio mkubwa zaidi. Tangu hapo timu hizo mbili zikawa kama paka na panya.

Mwaka wa 1883 klabu ya Melrose iliishiwa na pesa. Hapa kwetu Mitunguu tungeitisha harambee, mwenye mkungu wa ndizi alete na mwenye mbuzi alete. Haig akawaza siku ya michezo yenye mashindano ya raga. Lakini timu ya raga ilikuwa na watu 15, na mechi moja ilimaliza zaidi ya saa nzima. Timu nyingi zingechezaje kwa siku moja? Basi akapunguza wachezaji hadi 7 na mechi ikawa ya dakika 15. Wako wanaodai ati wazo lilikuwa la tajiri wake Sanderson. Mie nampa Haig, kwa sababu ni nadra sana watu kumsifu mfanyakazi mbele ya tajiri wake, na yeye walimsifu.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 28 Aprili 1883, kiwanjani Greenyards. Treni maalumu zilileta watu kutoka Galashiels na Hawick, na tiketi kama 1600 zikakusanywa. Akina mama wa Melrose walitoa kombe. Fainali ikawa kati ya nani? Melrose na Gala! Dakika 15 zilikwisha bila bao, wakaongezewa 15 nyingine. Zilipopita kama 10 hivi, Sanderson akafunga trai, na vijana wa Melrose wakaondoka uwanjani wakisema wameshinda. Gala walilalamika sana kwamba muda haujaisha, lakini kombe likabaki Melrose. Kusema kweli, ningekuwa mchezaji wa Gala nami ningelalamika.

Galashiels wakaanzisha mashindano yao mwaka wa 1884, Hawick mwaka wa 1885, na miji mingine ikafuata. Kijiji kisichoweza kupata wachezaji 15 kiliweza kupata 7, na hiyo ndiyo siri ya mchezo huu kuenea. Mwaka wa 1926 mashindano ya namna hiyo yalianzishwa London, Haig akiwa bado hai. Alifariki mwaka wa 1939 hapo hapo Melrose. Kombe la Dunia la mchezo huu, lililoanza mwaka wa 1993, linaitwa Kombe la Melrose.

Kwetu Kenya, Safari Sevens ilianza Nairobi mwaka wa 1996. Klabu zetu nazo huzunguka Nakuru, Mombasa na Kisumu kushindana, kama walivyofanya jamaa wa Haig. Mwaka wa 2016 wavulana na wasichana wetu walicheza Olimpiki kule Rio.

Katika shule ya kutwa kama yetu, kupata wachezaji 15 wa kubaki jioni ni kazi. Wengi hukimbilia nyumbani kufungulia shamba maji zamu yao ikifika. Lakini saba? Saba wanapatikana hata katika safu moja ya madawati, na wasichana saba vilevile. Kinachokosekana ni mpira wenyewe na shule jirani ya kucheza nayo, maana huku wengi wetu tunajua soka tu.

Klabu ya Melrose bado huandaa mashindano yake mwezi wa Aprili, kiwanjani pale pale Greenyards.