Ernst Abbe: mtoto wa kibarua wa kiwandani aliyeziwekea lenzi hesabu

Vijana wengi wanaopiga picha za harusi na mahafali siku hizi wananunua lenzi kuukuu, zilizotengenezwa kabla wao hawajazaliwa, na kuzifunga kwenye kamera mpya za dijitali. Nyingi kati ya lenzi hizo zina maandishi ya mji mmoja wa Ujerumani: Jena. Katika makala hii tunaeleza maisha ya Ernst Abbe, mtu aliyeufanya mji huo ujulikane duniani, na jinsi kazi yake inavyokugusa wewe msikilizaji hata kama hujawahi kushika kamera.

Utoto wa shida

Ernst Abbe alizaliwa tarehe 23 Januari 1840 katika mji wa Eisenach. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi. Kazi ilikuwa ya saa 14 kwa siku, na wakati mwingine 16, muda wote akiwa amesimama. Hakukuwa na mapumziko ya kula. Ernst au dada yake alikuwa akimpelekea baba chakula cha mchana, naye alikula huku ameegemea mashine, kisha akamrudishia mtoto chombo na kuendelea na kazi.

Mtoto huyo aliona jinsi baba yake, mtu mwenye nguvu, alivyozeeka kabla ya wakati. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Shuleni alikuwa hodari. Mwajiri wa baba yake alisaidia gharama za masomo, na Ernst mwenyewe alifundisha wanafunzi wengine ili apate fedha. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Jena na kile cha Göttingen, akapata shahada ya udaktari mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1863 alirudi Jena kufundisha hesabu na fizikia.

Kutoka kubahatisha hadi kukokotoa

Jena palikuwa na fundi aitwaye Carl Zeiss, mwenye karakana ya kutengeneza hadubini, yaani ile mashine ya maabara inayokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Wakati huo mafundi wote walitengeneza lenzi kwa kujaribu. Walisugua vipande vya kioo, wakavipanga, wakatazama. Picha ikiwa mbaya, walibadilisha kipande kimoja na kujaribu tena. Lenzi moja ikitoka nzuri, hakuna aliyekuwa na uhakika kuwa ya pili itafanana nayo.

Mwaka 1866 Zeiss alimwomba Abbe atafute hesabu ya kutengeneza lenzi. Haikuwa kazi rahisi. Lenzi za kwanza zilizotengenezwa kwa hesabu zake zilitoa picha mbaya kuliko zile za kubahatisha. Abbe alichunguza sababu na kugundua kwamba ukubwa wa pembe ambayo lenzi hupokea mwanga ndio unaoamua itaona vitu vidogo kiasi gani. Kufikia mwaka 1872 hadubini zote za Zeiss zilitengenezwa kwa hesabu. Mwaka uliofuata alitangaza kanuni inayoonyesha mpaka ambao hadubini ya mwanga wa kawaida haiwezi kuuvuka. Kanuni hiyo imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake mjini Jena.

Ukienda zahanati kupimwa malaria kwa hadubini, unaweza kuona kazi ya Abbe kwa macho yako. Mtaalamu wa maabara hudondosha tone la mafuta juu ya kioo chenye damu, kisha huteremsha lenzi mpaka iguse mafuta hayo. Mafuta huzuia mwanga usipotee unapotoka kwenye kioo kuingia kwenye lenzi. Lenzi ya namna hiyo ilitengenezwa na Abbe mwaka 1878, kwa wazo alilopewa na Mwingereza John Ware Stephenson. Hata kifaa cha kukusanya mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini kinaitwa kwa jina la Abbe hadi leo.

Daktari Robert Koch alitumia hadubini za Jena alipogundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882. Koch huyo huyo alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 kuchunguza malaria na magonjwa ya mifugo.

Kioo kipya, kamera mpya

Abbe aliona kwamba hesabu peke yake haitoshi kama kioo chenyewe ni duni. Mwaka 1879 alianza kuandikiana na kijana Otto Schott, mtoto wa mtengeneza vioo. Schott alihamia Jena mwaka 1882, na miaka miwili baadaye walianzisha pamoja na Zeiss kiwanda cha vioo. Walichanganya madini mbalimbali na kupata aina za kioo ambazo hazikuwapo kabla.

Mwaka 1886 Abbe alimwajiri Paul Rudolph. Kwa kutumia vioo vipya, Rudolph alibuni lenzi za kamera zilizotoa picha kali kutoka katikati mpaka pembeni. Lenzi yake ya mwaka 1902, iliyoitwa Tessar, ina vipande vinne tu vya kioo, na iliigwa na viwanda vingi duniani. Huenda umewahi kuona jina hilo, kwa maana liliandikwa pia kwenye simu kama Nokia N95.

Mali aliyoitoa

Abbe alifanywa mshirika wa Zeiss katika miaka ya 1870 na akawa tajiri. Carl Zeiss alifariki mwaka 1888. Mwaka uliofuata, badala ya kujilimbikizia mali, Abbe alianzisha mfuko aliouita kwa jina la Carl Zeiss, si kwa jina lake. Aliukabidhi hisa zake za viwanda vyote viwili, na mwaka 1891 mfuko huo ukawa mmiliki pekee wa kiwanda cha Zeiss. Yeye akabaki mmoja wa viongozi wanaolipwa mshahara.

Kwa maoni yake, faida ilitokana na kazi ya wengi, kwa hiyo haikuwa haki iishie mfukoni mwa mmoja. Katiba ya mfuko, ya mwaka 1896, iliwapa wafanyakazi likizo yenye malipo, pensheni na sehemu ya faida. Ilikataza kumbagua mtu kwa ukoo, dini au chama chake. Iliweka pia kikomo kwamba kiongozi asilipwe zaidi ya mara kumi ya pato la wastani la wafanyakazi.

Mwaka 1900 aliamua siku ya kazi iwe ya saa nane badala ya tisa, bila kupunguza malipo ya siku. Wengi waliamini kiwanda kingepata hasara. Abbe alilinganisha rekodi za mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya mabadiliko, akakuta kazi iliyofanyika kwa siku haikupungua, bali iliongezeka kidogo. Mtu aliyepumzika alifanya kazi haraka na vizuri zaidi.

Abbe alijiuzulu mwaka 1903 kwa sababu ya afya, akafariki Jena tarehe 14 Januari 1905, siku chache kabla ya kutimiza miaka 65.

Baada yake

Katiba nzuri haikuzuia kila ubaya. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya Zeiss vilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Mwaka 1945 Wamarekani walifika Jena kwanza, wakaondoka na wataalamu kadhaa kwenda upande wa magharibi. Kisha eneo hilo likawa chini ya Wasovieti, ambao walichukua sehemu kubwa ya mashine. Ndiyo maana lenzi za Zeiss ziliendelea kutengenezwa pande mbili za Ujerumani, na ndiyo maana lenzi maarufu ya Kisovieti iitwayo Helios 44 inafanana sana na lenzi ya Jena iitwayo Biotar. Leo mfuko wa Abbe bado unamiliki kampuni za Zeiss na Schott.

Ukitaka kuitumia lenzi kuukuu

Lenzi nyingi za Jena na za Kisovieti hufungwa kwa skrubu yenye upana wa milimita 42. Zinahitaji kukaa milimita 45.5 hivi kutoka mahali picha inapotua ndani ya kamera. Kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani zina nafasi fupi: Sony milimita 18, Canon 20, Nikon Z 16. Pengo linalobaki hujazwa na pete ya kuunganisha, ambayo ni bomba fupi la chuma lisilo na lenzi ndani. Kamera za Nikon za zamani zenye kioo hicho zina milimita 46.5, hivyo lenzi hukaa mbali mno, na vitu vya mbali haviwezi kuonekana vizuri.

Kabla ya kununua, mulika tochi ndani ya lenzi uangalie kama kuna kuvu, ambayo huonekana kama utando wa buibui. Zungusha pete zote mbili uhakikishe hazijakaza na kwamba mabapa ya ndani yanafunguka na kufunga bila kunata. Lenzi ikiwa na kitufe cha A na M, kiweke kwenye M.

Kwenye kamera, ruhusu kupiga picha bila lenzi, kwa kuwa kamera haitatambua kuwa kuna lenzi. Utalenga kwa mkono, kwa hiyo kuza picha kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Ukimaliza, hifadhi lenzi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, hasa kama unaishi pwani au kando ya ziwa, kwa sababu kuvu hupenda unyevu.

Lenzi ikitunzwa hivyo hudumu. Kuna zilizotengenezwa Jena zaidi ya miaka 70 iliyopita ambazo bado zinapiga picha.