Bibi Hajar, Mama wa Nabii Ismail

Bibi Hajar alikuwa mwanamke wa Misri, mjakazi aliyetolewa na mfalme dhalimu kumtumikia Bibi Sara, mke wa Nabii Ibrahim, alaihi salaam. Bibi Sara, alipoona miaka yapita wala hajajaaliwa mtoto, alimpa mumewe, akamzaa Ismail. Na Nabii Ibrahim siku hiyo, kwa hesabu ya Taurati, alikuwa na miaka 86. Kisha wivu ukaingia nyumbani, jambo lisilo geni kwa mwenye wake wawili.

Nabii Ibrahim akamchukua yeye na mwanawe anyonyaye mpaka bonde la Makka, wakati huo halina mtu wala maji. Akawawekea mfuko wa tende na kiriba cha maji, akashika njia. Bibi Hajar akamfuata, akimwuliza tena na tena awaachia nani, naye hageuki. Mwisho akamwuliza kama ni Mwenyezi Mungu aliyemwamrisha. Alipojibiwa kuwa ndiye, alisema kwamba basi Mola hatawapoteza, akarudi kwa mwanawe. Hakutaka masurufu zaidi, wala hakuuliza mumewe atarejea lini.

Maji yakesha, mtoto akawa agaagaa kwa kiu. Mama akapanda Safa, akatazama, asione mtu. Akashuka, na alipofika bondeni akakunja upindo wa nguo yake akapiga mbio, akapanda Marwa. Alifanya hivyo mara 7. Ndipo alipomwona Malaika, naye apiga ardhi mpaka maji yakabubujika, na yeye akayazungushia mchanga kwa mikono yake. Hiyo ndiyo Zamzam.

Baadaye wakapita watu wa Jurhum, wakaona ndege azunguka angani, wakajua pana maji. Wakamwomba ruhusa ya kukaa, naye akaridhia kwa sharti kwamba maji yale hawana haki nayo. Mwanamke peke yake, hana mume karibu wala mlinzi, aliweka sharti na kabila zima likakubali! Kwao Ismail alijifunza Kiarabu, na kwao akaoa.

Katika Mrima, tangu Moa hata Pangani, utumwa ulikoma kwa sheria mwaka 1922, ila maneno yake hayakukoma siku ile. Wakawako waliochimbua nasaba za mama za watu, wakimdharau mtoto wa suria, hali sheria ya Kiislamu humpa uhuru na urithi sawa na nduguze. Mwenye kudharau hivyo akienda Hija hana budi kuvua kanzu yake, kuvaa nguo mbili zisizoshonwa, na kwenda baina ya Safa na Marwa mara 7 alipokwenda mjakazi yule. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi hiyo ni nguzo, Hija haitimii bila yake. Na pale bondeni, penye alama za kijani, wanaume ndio wanaosuniwa kupiga mbio. Wanawake hutembea.