Bruda Andrea Pozzo na kuba la kitambaa

Kanisa la Mtakatifu Ignasi, kule Roma, lilianza kujengwa mwaka 1626 na likafunguliwa 1650, lakini kuba lake halikujengwa. Makuta ilikosekana. Watu wanasimulia pia kwamba majirani waliogopa kuzibiwa mwangaza. Miaka zaidi ya 30 ikapita, mpaka Wajezuiti wakampa kazi bruda wao mmoja, Andrea Pozzo.

Alizaliwa Trento, kaskazini mwa Italia, mwaka 1642. Aliingia 1665 katika shirika hilo, lile lile ambalo watu wa Bukavu wanalijua kwa Chuo Alfajiri. Hakuwahi kuwa padri. Aliitwa Roma 1681.

Mwaka 1685 alichora kuba zima juu ya kitambaa kilicho bapa, kikapandishwa pale juu: nguzo, madirisha, giza la ndani, vyote ni rangi tu. Ukisimama pahali pake, unaona shimo refu linapanda. Ukisogea, kuba linainama sawa nyumba inayotaka kuanguka. Hapo maneno yakaanza. Wajenzi fulani walilalamika kwamba nguzo alizochora zimekalia vishikizo vyembamba, na nyumba ya kweli haijengwi vile. Pozzo aliwajibu kitabuni kwa mzaha: rafiki yake mchoraji alikuwa tayari kulipa hasara yote siku nguzo zitakapoanguka.

Mwaka ule ule, katika kanisa la Gesù, alisimamisha mbao na vitambaa vilivyochorwa arusi ya Kana, kwa ibada ya masaa 40. Ibada ikiisha, vinabomolewa. Kazi za namna hii, za kujaza jengo ili kudanganya jicho, leo zina jina lake katika sanaa. Mswisi Felice Varini, kwa mfano, anapaka vipande vya rangi juu ya kuta, na umbo linakamilika pale tu mtu anaposimama mahali pamoja.

Kazi kubwa ya Pozzo ni dari la Mtakatifu Ignasi, alilomaliza 1694. Dari limepinda, kwa hiyo mistari inayonyooka ingepotoka. Njia aliyoieleza ni hii: unatandika wavu wa kamba chini ya dari, unavuta uzi kutoka macho ya mtazamaji kupitia kila fundo, na pale unapogusa dari unatia alama. Waliotaka dari lionekane vizuri kutoka kila kona hakuwasikiliza. Jicho ni moja na mahali ni pamoja, na leo duara la marumaru sakafuni linaonyesha pa kusimama. Kati ya mabara manne aliyoyachora, Afrika ni mwanamke mwenye mamba na pembe ya ndovu. Mali yetu waliijua vizuri kuliko sura zetu.

Alikufa Vienna mwaka 1709, ambako alikuwa ameacha kuba lingine la rangi. Kitabu chake kilisafiri mbali: mwaka 1729 afisa wa China, Nian Xiyao, alichapisha kwa Kichina mafundisho yaliyotoka humo.