Van der Waals: Mtoto wa Seremala na Siri ya Gesi

Hebu tikisa mtungi wa gesi ya kupikia hapo jikoni. Utasikia kitu kama maji kikicheza ndani. Lakini ukiufungua, kinachofika kwenye moto ni gesi tupu. Inakuwaje?

Aliyetufumbulia jambo hili ni Johannes Diderik van der Waals, aliyezaliwa mwaka 1837 mjini Leiden, Uholanzi. Baba yake alikuwa seremala, na yeye alikuwa kifungua mimba katika watoto kumi. Nyumba yao haikuwa na uwezo wa kumsomesha shule za kumwingiza chuo kikuu, basi akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Hata hivyo, hamu ya elimu haikumtoka. Alifundisha, na akipata nafasi alikwenda kusikiliza masomo ya hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Lakini kufanya mtihani wa shahada, wapi! Sheria ilitaka Kilatini na Kigiriki, naye hakuvisoma. Akaendelea hivyo hivyo mpaka sheria ilipolegezwa. Mwaka 1873, akiwa na miaka 35, tayari ana mke na watoto, akapata udaktari.

Alionyesha nini? Molekuli, yaani zile chembe ndogo mno za gesi, zilikuwa zikihesabiwa kama nukta zisizo na ukubwa wala uhusiano. Yeye akasema kila molekuli inachukua nafasi yake, na tena molekuli zinavutana. Zikipozwa na kubanwa vya kutosha, mvuto huo unashinda mbio zao na gesi inageuka kioevu. Gesi ya kupikia hata haihitaji kupozwa, kubanwa tu kunatosha.

Mwaka 1881 mkewe alifariki. Huzuni ikamlemea, na kwa karibu miaka kumi hakuchapisha kitu. Kisha akarudi kazini. Hesabu zake ndizo zilizomwongoza Heike Kamerlingh Onnes kuigeuza heliamu kuwa kioevu mwaka 1908, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri. Mwaka 1910 akatunukiwa Nobel ya fizikia. Alifariki mwaka 1923.

Mvuto wa molekuli mbili ni dhaifu sana, lakini ikikusanyika mingi humshikilia hata mjusi darini. Kijana uliyefungiwa mlango kwa kukosa somo moja, usiache kusoma. Sheria ilipobadilika, Van der Waals alikuwa tayari.