Paul Walden

Paul Walden (26 Julai 1863 – 22 Januari 1957) alikuwa mwanakemia wa Latvia na mkuu wa Chuo cha Ufundi cha Riga miaka 1902-1905.

Mzaliwa wa familia ya wakulima, alifiwa na wazazi wake akiwa bado mtoto. Mwaka 1896, akichunguza asidi ya maliki iliyomo katika matofaa, alionyesha kwamba molekuli yake inaweza kugeuzwa kuwa pacha wake wa kinyume, kama mkono wa kulia kwa wa kushoto. Badiliko hilo bado huitwa mgeuko wa Walden.

Mwaka 1919 alihamia Ujerumani, akafundisha Rostock hadi 1934. Mwaka 1942 mabomu yaliteketeza maktaba yake ya vitabu takriban 10,000. Hata hivyo, uzeeni alifundisha historia ya kemia huko Tübingen.