Abebe Bikila: Bingwa wa marathoni aliyerudi mashindanoni kwenye kiti cha magurudumu

Popote panapozungumzwa marathoni jina la Abebe Bikila halikosekani. Wengi wetu tunamjua kama yule Mwethiopia aliyekimbia pekupeku mjini Roma. Wachache ndio wanaojua kwamba mtu huyohuyo alishiriki pia michezo ya kimataifa ya walemavu. Leo tunayaangalia maisha yake kupitia michezo hiyo miwili, kwani yeye aliijua yote.

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika jimbo la Shewa, akajiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikonolewa na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen.

Septemba 10, 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma kwa saa 2:15:16, muda bora kuliko wote duniani wakati huo. Njia ya mbio ilipita karibu na nguzo ya Axum, ambayo majeshi ya Mussolini yaliichukua Ethiopia mwaka 1937 na ambayo ilirudishwa mwaka 2005. Kwa hiyo ushindi ule, katika mji mkuu wa nchi iliyowahi kuikalia Ethiopia kimabavu, haukuwa wa riadha peke yake.

Siku nane baadaye, katika jiji hilohilo, ilifunguliwa michezo mingine. Wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, wote wakiwa kwenye viti vya magurudumu, walikuja kushindana katika michezo ambayo leo inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Nyumba walizopangiwa zilikuwa na ngazi, ikabidi wabebwe kupanda na kushuka. Abebe wakati huo alikuwa shujaa, na mambo ya viti vya magurudumu hayakumhusu.

Mwaka 1964 alikwenda Olimpiki ya Tokyo wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Safari hii alivaa viatu, akashinda kwa saa 2:12:11, zaidi ya dakika 4 mbele ya aliyemfuatia. Alipomaliza alianza kufanya mazoezi ya viungo uwanjani huku maelfu ya watu wakimshangilia. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mexico mwaka 1968 mambo yalikuwa magumu. Aliumwa mguu, akatoka njiani, na dhahabu ikachukuliwa na Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde. Ni mbio hizohizo ambazo Mtanzania John Stephen Akhwari alizimaliza akiwa wa mwisho, akichechemea na mguu uliofungwa bendeji.

Machi 22, 1969 Abebe alipata ajali akiendesha gari lake aina ya Volkswagen. Uti wa mgongo uliumia. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akatibiwa huko kwa miezi kadhaa. Mikono ilipata nguvu tena, lakini miguu iliyoishangaza dunia haikusimama tena.

Hospitali hiyo ndiyo chimbuko la michezo ya walemavu. Daktari Ludwig Guttmann aliianzisha hapo mwaka 1948, siku ileile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, kwa wanamichezo 16 waliolenga shabaha kwa upinde na mshale. Julai 1970 Abebe naye alishika upinde katika michezo ya Stoke Mandeville, akacheza na tenisi ya mezani. Mwaka uliofuata, nchini Norway, alishinda mbio za sleji juu ya theluji.

Tofauti ya michezo hiyo miwili ni kubwa. Roma na Tokyo dunia nzima ilimtazama, na nchi yake ikampokea kwa shangwe. Stoke Mandeville alikuwa mwanafunzi tena, akijifunza kwa mikono kazi ambayo miguu haikuwahi kumfundisha. Lakini jambo moja halikubadilika: kote alikwenda kushindana, si kuonewa huruma.

Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima, na uwanja mzima ukamshangilia. Alifariki dunia Oktoba 25, 1973 kwa kuvuja damu katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 41. Alizikwa Addis Ababa, mfalme na umati mkubwa wa watu wakihudhuria.

Sisi tunaofuatilia michezo kutoka ughaibuni na nyumbani tuna la kujiuliza hapa. Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alishinda dhahabu ya Paralimpiki Sydney mwaka 2000, kisha mbili Athens mwaka 2004. Ni wangapi kati yetu tunaolitaja jina lake tunapohesabu mabingwa wetu? Kama tunamheshimu Abebe wa Roma, basi tumheshimu na Abebe wa Stoke Mandeville, kwani ni mtu mmoja.

Mungu ailaze roho yake mahali pema.